Mkono Ndo Jicho Lake: Maswali ya Wazazi Kuelekea Tarehe 29

Mwangaluka wasomaji wangu. Tangu litoke lile tangazo la serikali kule Dodoma tarehe 16 Juni 2020 kwamba shule zote zilizobaki zinafunguliwa Jumatatu tarehe 29, meseji zimemiminika mpaka mhariri kanipigia kuuliza kuna nini, maana mimi kawaida napata maswali matatu kwa mwezi na mawili ni ya walimu wanaotafuta uhamisho. Safari hii karibu yote ni ya wazazi na walezi wa watoto wenye ulemavu. Wala sishangai. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, kila mtoto akakunja godoro akarudi kwao, ila hawa wa kwetu wengine walirudi kwenye nyumba ambayo hamna anaejua lugha yao, hamna mashine ya kuandikia, hamna hata wa kumnyoosha miguu asubuhi. Miezi mitatu na zaidi hiyo. Nawajibu kama mwalimu wa elimu maalum niliyezeekea kanda hii ya ziwa, sio daktari, na panapotaka daktari nitasema.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 11, haoni kabisa, yuko darasa la nne na analala bweni. Huku mtaani wanasema asiyeona ndo wa kwanza kupata korona kwasababu anashika kila kitu, ukuta, meza, watu. Mjomba wake amemkataza kushika vitu hata humu ndani, akinyoosha mkono anapigwa kikofi. Alafu mwalimu mkuu kanipigia anasema ikiwezekana nimbakize kwanza mpaka hali itulie. Na nukta nundu, yani breli, naona kama amesahau, hapa hatuna mashine wala zile karatasi. Nimpeleke ama nimwache? Mama wa Igoma.*

Marahaba mama. Tuanze na huyo mjomba maana amenikera. Mkono wa huyo mtoto ndo jicho lake, ukimpiga kikofi akinyoosha mkono ni sawa na mimi nikufumbe macho kila ukitaka kuona unapokwenda. Kirusi hakipenyi kwenye kiganja, kinaingilia mdomoni, puani na machoni, mkono ni daladala tu inayokipakia, kwahiyo kazi yetu ni kukishusha njiani kabla hakijafika stendi. Yani mwache ashike, alafu anawe. Na kunawa kwenyewe mfundishe kwa mikono yako juu ya yake, sio kwa maneno, kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, dole gumba wanalolisahau wote, kisha kucha, akishajua njia hiyo atakwenda nayo popote. Mfundishe pia kushika bega badala ya kiwiko akiongozwa, kwasababu sasa hivi watu wote tumeambiwa tukoholee kwenye kiwiko, na mimi hili lenyewe sikulifikiria mpaka nilipomuona kijana mmoja pale Mabatini anapiga chafya kwenye kiwiko alafu papo hapo anampa mzee asiyeona amshike hapohapo. Fimbo nyeupe ioshwe kwa sabuni akifika mlangoni, yote, sio mshikio tu. Mashine ya breli ipanguswe vitufe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa sabuni, msiimwagie maji itashika kutu, na kitabu cha nundu msikiloweshe kabisa, nundu zikilala basi tena, kwahiyo hapo anaenawa ni mtoto, kabla ya kusoma na baada.

Kuhusu mwalimu mkuu, sitaki kumhukumu, huenda hana maji ya kutosha au mlezi mmoja ameacha kazi. Ila "mbakize mpaka hali itulie" haina tarehe, mama, na kitu kisicho na tarehe kwa mtoto mwenye ulemavu huwa kinageuka mwaka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake, na tangazo la kufungua shule halikusema wale wanaoona tu. Usiende na sheria mkononi lakini, nenda na swali, "mwalimu, kinachokosekana ni nini ili mwanangu aje Jumatatu?" Akisema ndoo, inakuwa inshu ya ndoo. Akishindwa kusema basi panda ngazi mpaka kwa afisa elimu maalum wa halmashauri, yupo na ndo kazi yake.

Nukta nundu hajasahau, vidole vimelala tu. Nenda kwenye kibanda cha chipsi uombe trei tupu ya mayai, ile ya karatasi ya mayai 30. Kata vipande vya mashimo mawili kwa upana na matatu kwenda chini, trei moja itakutolea vipande vinne na kiukanda kinachobaki utupe. Hiyo ndo seli ya breli. Shimo la juu kushoto ni nukta ya 1, chini yake 2, chini kabisa 3, upande wa kulia unashuka 4, 5, 6. Weka punje za mahindi. Punje moja kwenye 1 ni herufi a. Punje kwenye 1, 3 na 4 ni m. Sasa ona, vipande vinne vinatosha kuandika "mama" bila kubaki hata kimoja, na hilo liwe neno la kwanza. Dakika ishirini jioni zinatosha mpaka siku ya kuondoka. Hata walio darasa la saba wafanye hivi, mtihani wao wa Oktoba sio mbali, na ule muda ambao Baraza la Mitihani linawaongezea wasioona, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 masomo mengine, haumsaidii mtoto ambae vidole vyake vimepoa.

*Habari ya kazi mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa huku Ukerewe. Binti yangu kiziwi yuko darasa la saba shule ya bweni huko Mwanza. Tangu arudi mwezi wa tatu amekuwa mkali, anapiga masufuria, anagombana na wadogo zake, juzi kachana daftari. Redio inafundisha kila siku ila kwake ni kelele za bure hata kelele hazisikii. Nasikia shuleni walimu watavaa barakoa, sasa atasoma nini kwenye uso uliofunikwa? Na wametutangazia saa za masomo zitaongezwa. Baba wa Nansio.*

Salama baba, poleni na baridi ya usiku ziwani. Huyo binti hajawa mkali, amekosa mtu wa kuongea nae. Fikiria wewe upelekwe Japani miezi mitatu, unapewa chakula, unapewa pa kulala, ila hamna hata mmoja anaekuuliza umeamkaje. Ungepiga sufuria mapema kuliko yeye. Kwahiyo kabla hajaondoka, leo jioni kabla hujaenda mwaloni, kaa nae akufundishe ishara kumi, yeye ndo awe mwalimu, za kula, samaki, kesho, pole, nimekasirika, unaumwa wapi, nakupenda ukiiweza. Utazikosea atakucheka, na hicho kicheko ndo dawa unayoitafuta. Wadogo zake nao wakae, watoto wanashika fasta kuliko sisi.

Barakoa ni tatizo kweli na wengi hawalijui. Watu wanadhani lugha ya alama ni mikono tu, kumbe uso ndo sarufi yake, nyusi zikipanda ni swali, mdomo ukibana maana inageuka, ukifunika nusu ya uso umefunika nusu ya sentensi. Njia ni mbili ninazozijua. Ya kwanza, fundi cherehani yoyote anaweza kushona barakoa yenye kidirisha mdomoni, anakata kitambaa kwa mbele anaweka ile plastiki ngumu angavu ya kujaladia madaftari. Puani na pembeni kibaki kitambaa, hewa ipite, plastiki isizidi mdomo. Itashika ukungu, hiyo lazima, kwahiyo pakeni sabuni kidogo kwa ndani mfute kwa kitambaa kikavu, inasaidia kwa muda. Ya pili haina gharama, darasa litoke nje chini ya mwembe, mwalimu asimame mbali hatua tatu nne alafu ashushe barakoa afundishe. Mimi naipenda hii ya pili. Jua likiwa nyuma ya mwalimu lakini watoto wataona kivuli tu, kwahiyo mwalimu ndo aangalie jua, watoto walipe mgongo.

Kingine ambacho nakuomba umwambie binti mwenyewe, ishara nyingi zinagusa uso, kidevu, shavu, paji. Kiziwi anagusa uso wake kuliko mimi na wewe hata kama hajawashwa na nzi. Hatuwezi kumwambia asiongee. Anawe mara nyingi zaidi ya wengine, basi. Saa zikiongezwa nazo zina shida yake, macho ya kiziwi ndo masikio, nayo yanachoka, muombe mwalimu wa darasa awape mapumziko mafupi na muhtasari wa kuandikwa ubaoni. Na kwenye meli ya kuja Mwanza kaeni juu nje penye upepo.

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni mlezi wa bweni la wasichana, wako 38, wengi wana ualbino, sita hawaoni, watatu wanatumia baiskeli za magurudumu. Kuna walioondoka mwezi wa tatu na kuna ambao hawakuwa na pa kwenda nikabaki nao. Sasa wanarudi wote. Tumejengewa vibuyu chirizi vitano, vitanda ni vilevile vya kubanana, maji ni ya kuvizia. Nianzie wapi? Mlezi, Usukumani.*

Marahaba mwanangu. Swali lako ndo limenifanya niandike mpaka saa sita usiku. Wasomaji wa mbali huenda wasielewe hilo la "hawakuwa na pa kwenda", lakini kanda hii tunajua, tangu yale mauaji ya watu wenye ualbino ya mwishoni mwa miaka ya 2000 watoto wengi wenye ualbino waliletwa kwenye mabweni ili wawe hai tu, masomo yakafuata. Kwa mtoto kama huyo ukisema funga shule kila mtu arudi kwao umemwambia kitu kingine kabisa. Asante kwa kubaki nao.

Vibuyu chirizi navipenda, dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga, hugusi kitu. Ila aliyevijenga alimfikiria mtoto mwenye miguu inayotii. Wale watatu wa magurudumu hawawezi kukanyaga kijiti, na wale sita wasioona watakitafuta hicho kijiti kwa mguu mpaka wakiangushe chote. Kwahiyo viwili badilisha, weka ndoo yenye koki juu ya benchi fupi, goti la aliyekaa kwenye kiti liingie chini yake, koki iwe ya kusukuma kwa ngumi au kiwiko na sio ya kuzungusha kwa vidole. Sabuni itie kwenye soksi kuukuu uifunge na kamba kwenye koki, haitaanguka wala kuteleza ikapotea kwa asiyeona. Kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo vuta kamba usawa wa kiuno waifuate kwa mkono, alafu hiyo kamba yenyewe uwe unaifua. Na vyote vihamishe kivulini! Nimewahi kuona foleni ya kunawa saa saba mchana, watoto wenye ualbino wamesimama juani dakika kumi kwa ajili ya usafi, ngozi inaungua ili mkono uwe safi.

Kwenye mafuta ya kukinga jua, kama mnapata yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi au mengine yoyote, usikubali kila mtoto achovye kidole kwenye kopo moja. Chota kwa kijiko umuwekee kila mmoja kiganjani, akiwa ameshanawa. Kofia kila mmoja na yake, shona jina, kwa wasioona shona kifungo. Wenye uoni hafifu wanasoma kitabu kikiwa karibu kugusa pua, hao wakichangia kitabu vichwa vinagusana, kwahiyo kama vitabu ni vichache bora wasome kwa zamu kuliko kwa pamoja.

Vitanda huwezi kuvizidisha, ila walale mzungu wa nne, wewe unaelewa, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kwenye vitanda vinavyofuatana hivohivo. Madirisha wazi, neti chini. Neti msiziache kwasababu ya korona, mbu wa ziwani hawajasoma matangazo, na mtoto akipata homa pimeni malaria mapema, msimtenge tu kwenye chumba cha peke yake mkisubiri korona wakati malaria inampeleka.

Watakaorudi usiwapange upande mmoja na waliobaki upande mwingine kama timu mbili, ndani ya siku mbili watakuwa wameshapeana majina ya kutukanana. Waangalie wote siku za mwanzo, kikohozi, homa, kupumua. Wale unaowaogesha na kuwalisha hamna umbali hapo, nani anaogesha mtoto kwa mita moja, we vaa barakoa, vaa aproni au kanga ya kazi hiyo tu, nawa kabla ya mtoto wa kwanza na kati ya mtoto na mtoto. Alafu swali ambalo hukuuliza, ukiumwa wewe nani anabaki na hao 38? Mdai mwalimu mkuu hilo jina kabla ya Jumatatu. Jina la mtu, sio "tutaangalia".

*Mwalimu, mdogo wangu ana usonji, miaka 8, anasoma kitengo maalum cha shule ya kutwa. Barakoa anaitupa, vitakasa mikono harufu yake inamfanya apige kelele, na sasa ameshazoea nyumbani, akisikia neno shule anajificha chini ya kitanda. Dada wa Nyegezi.*

Barakoa achana nayo. Mtoto asieielewa au asieweza kuivua mwenyewe asivalishwe, na hapo hamna mjadala, waliobaki ndo wavae kwa ajili yake. Kitakasa nacho acha, maji na sabuni anayoijua harufu yake, mpeleke nayo kwenye mfuko. Kwenye kurudi usimshtukize. Kesho mvalishe sare mkae nyumbani tu. Keshokutwa mtembee mpaka kituoni mrudi. Siku inayofuata mpaka getini, muone geti limefungwa, mrudi. Kama mnatumia daladala pandeni mara moja saa za mchana, siku hizi za levo siti, yani hamna abiria wa kusimama, zina nafasi kidogo. Ikifika Jumatatu liwe ni geti lilelile ila liko wazi. Na mwalimu wake amuombe mwalimu mkuu mtoto aanze na nusu siku wiki ya kwanza, sijaona mwalimu mkuu mwenye akili akikataa.

*Mjukuu wangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Mama yake yuko Dar. Majirani wanasema nimfukize nyungu asubuhi na jioni kabla hajarudi shule. Vidonge vyake viliisha mwezi wa tano, niliogopa kwenda hospitali na korona hii. Sasa kifafa kimerudi, jana mara mbili. Haongei ila mimi namuelewa, akitaka maji anautazama mtungi. Bibi wa Magu.*

Shikamoo bibi. Meseji yako nilimwambia mhariri akupigie siku ileile, na nimefurahi kusikia mmeshaenda kliniki, lakini najibu na hapa kwasababu najua mko wengi. Dawa za kifafa hazikatishwi ghafla, zikikatika kifafa kinarudi na saa ingine kwa nguvu kuliko mwanzo. Na zikipatikana usimpe mara mbili kufidia, mfuate daktari anavyosema. Kuogopa hospitali nimekuelewa, ila nendeni asubuhi mapema, barakoa wewe, kaeni nje mpaka mtakapoitwa. Kifafa kikipita dakika tano hakijaisha, hapo ni kukimbilia hospitali, na mdomoni usimtie kitu, sio kijiko sio kidole.

Nyungu hapana bibi. Sibishani na anaejifukiza yeye mwenyewe mtu mzima, ila mtoto asieweza kujiondoa kwenye mvuke, amefunikwa blanketi, sufuria inachemka katikati ya miguu, alafu kifafa kimkute humo ndani? Hapana kabisa.

Shule mcheleweshe. Wengine wote nimewaambia waende Jumatatu, huyu asubiri mpaka dawa zimshike na daktari aseme sawa, mwalimu mkuu apewe taarifa kwa maandishi ili nafasi yake isipewe mwingine. Akiwa hapo nyumbani mnyooshe miguu na mikono polepole kila asubuhi baada ya maji ya uvuguvugu, miezi mitatu ya kukaa inakaza misuli. Akila akae wima, asilishwe amelala.

Siku akienda muombe mtoto wa jirani aandike ukurasa mmoja wa daftari kwa ajili ya mwalimu, wewe unasema yeye anaandika. Dawa gani saa ngapi. Anakula nini, vijiko vingapi kabla hajapumzika. Kifafa chake huanzaje. Na hilo la mtungi liandikwe kwa herufi kubwa, maana darasani hakuna mtungi bibi, atatazama pembeni siku nzima watadhani anashangaa ukuta. Mpe kikombe chake cha nyumbani, kiwekwe dirishani mahali anapoweza kukiona.